Mwenye Duka na Kijiji Chake

Katika madarasa ya itikadi kuna swali ambalo halikosi kuulizwa kila tunapofika kwenye somo la uchumi wa vijijini. Swali lenyewe ni hili: Je, mfanyabiashara anadaiwa nini na jamii anamofanyia biashara?

Majibu yanayotolewa kwa kawaida ni mawili. Wapo wanaosema hadaiwi kitu. Amelipia leseni, amelipa kodi, amenunua bidhaa kwa fedha yake mwenyewe, na mnunuzi hakulazimishwa na mtu kununua. Wapo pia wanaosema anadaiwa kila kitu, maana faida yake yote ni jasho la mkulima. Kwa hiyo kila panapohitajika mchango, mlango wa kwanza wa kubishwa hodi uwe wake.

Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini yana kosa moja. Yote mawili yanamweka mwenye duka nje ya jamii. La kwanza linamfanya mgeni aliyepanga chumba kando ya njia, ambaye siku yoyote anaweza kufunga virago. La pili linamfanya mfuko wa kuchotwa. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba mwenye duka ni mwanajamii kama wengine, na kwamba kushiriki kwake katika mambo ya jamii ni wajibu unaotokana na jinsi anavyopata riziki yake. Wajibu huo hauanzii kwenye mchango wa fedha. Unaanzia kwenye mizani yake, kwenye daftari lake, na kwenye kiti chake katika mkutano wa kijiji.

1. Nafasi ya mwenye duka katika uchumi

Tunapomchambua mtu kiitikadi hatuanzi na tabia yake, kama ni mkarimu au mchoyo. Tunaanza na nafasi yake katika uchumi, kwa maana nafasi ndiyo inayotangulia na tabia hufuata.

Mfanyabiashara mdogo wa kijijini ana sura mbili. Kwa upande mmoja ni mtu wa jasho. Huamka alfajiri, hufunga usiku, hulala karibu na magunia yake kwa kuhofia wezi. Mara nyingi ana shamba pia, na watoto wake husoma katika shule ile ile wanayosoma watoto wa wateja wake. Kwa upande mwingine anamiliki mtaji, na anaishi kwa tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Mahindi yakiadimika, jirani yake huona njaa. Yeye, akitaka, anaweza kuona faida.

Ndiyo sababu katika masomo yetu mtu wa namna hii huitwa bepari uchwara. Neno hili si tusi. Linaeleza kwamba mguu wake mmoja uko kwa wavuja jasho na mwingine uko kwa wenye mitaji. Mtu wa namna hiyo anaweza kuegemea upande wowote. Ataegemea wapi? Hilo halitegemei moyo wake tu. Linategemea pia jinsi jamii inayomzunguka ilivyojipanga, na kama inamhesabu kuwa wa kwake.

2. Duka linasimama juu ya nini

Mwenye duka hupenda kuamini kwamba duka lake linasimama juu ya mtaji wake. Tuitazame imani hiyo kwa mfano wa kweli.

Katika msimu wa korosho wa 2018/2019, wakulima wa mikoa ya kusini walizikataa bei ndogo zilizotolewa na wanunuzi kwenye minada. Mwezi Novemba 2018 Serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho zote kwa Sh. 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Kazi ya kuhakiki wakulima ikachukua muda, na malipo ya wengi yakachelewa hadi ndani ya mwaka 2019.

Aliyeumia kwanza ni mkulima. Lakini pamoja naye aliumia mwenye duka wa Newala, Tandahimba na Masasi, hata yule asiyekuwa na mkorosho mmoja. Mabati hayakununuliwa, kwa kuwa mkulima wa korosho huezeka nyumba baada ya malipo. Khanga hazikununuliwa. Daftari la mikopo likajaa majina, na kila jina lilikuwa na sababu ile ile. Mtaji ulikuwepo, bidhaa zilikuwepo rafuni, na mlango ulikuwa wazi. Kilichokosekana ni kitu kimoja ambacho mwenye duka hawezi kukiagiza kutoka kwa muuzaji wa jumla, yaani uwezo wa jirani yake wa kununua.

Hili ndilo fundisho la kwanza. Fedha iliyomo katika droo ya duka haikuzaliwa humo. Imetoka shambani, imepita katika barabara, imepimwa kwenye mizani ya ushirika, na imelindwa na amani ya kijiji. Kila kitu kinachomwezesha mkulima kuvuna, kusafirisha, kulipwa na kubaki na afya ni sehemu ya mtaji wa mwenye duka, ingawa hakukiandika katika vitabu vyake.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Tuseme kijiji kina kaya 400, na kila kaya hutumia Sh. 2,000 kwa siku katika maduka ya hapo. Hizo ni Sh. 800,000 kwa siku, au Sh. 24,000,000 kwa mwezi. Sasa tuseme zahanati haina dawa, na kaya moja katika kila kumi inalazimika kuzitumia fedha zake za mwezi mzima kwa nauli na matibabu ya mjini. Kaya hizo ni 40, na kila moja ingalitumia Sh. 60,000 dukani. Kwa hiyo Sh. 2,400,000 zimeondoka kijijini mwezi huo. Mwenye duka aliyekataa kwenda kwenye mkutano uliojadili zahanati, kwa kisingizio kwamba asingeweza kufunga duka saa mbili, ameshiriki katika hasara hiyo bila kujua.

3. Makosa mawili

Nchi yetu ina historia ndefu ya kulishughulikia jambo hili, na historia hiyo inatuonyesha makosa mawili ambayo kada hana budi kuyafahamu.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mwenye duka anaweza kufutwa kwa amri. Baada ya Azimio la Arusha kutangazwa tarehe 5 Februari 1967, mabenki na makampuni makubwa ya biashara ya nje na ya jumla yaliwekwa mikononi mwa umma. Hatua hiyo iliwahusu wakubwa. Lakini mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, ambayo ilimfikia mwenye duka mdogo wa kijijini. Maduka ya watu binafsi yalifungwa ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Shabaha ilikuwa kuondoa unyonyaji. Utekelezaji ukaenda mbio kuliko maandalizi. Mahali pengi duka la mtu lilifungwa kabla duka la ujamaa halijawa na bidhaa, mtunza hesabu wala usafiri. Mwanakijiji aliyekuwa akipata chumvi kwa jirani akajikuta anaitafuta mbali. Serikali ikalazimika kuisimamisha operesheni hiyo. Mwaka ule ule vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, kama serikali za mitaa zilivyokuwa zimevunjwa mwaka 1972. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuvunja vyombo hivyo viwili kulikuwa makosa.

Funzo la 1976 si kwamba unyonyaji haupo. Funzo ni kwamba kazi ya kugawa bidhaa ni kazi ya kweli, yenye maarifa yake, na anayeifanya hawezi kufukuzwa kabla hajapatikana wa kuifanya vizuri zaidi. Miaka iliyofuata ilikuwa ya shida. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vilipiganwa mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta ilipanda. Bidhaa zilipoadimika, ulanguzi ukastawi, mpaka ikabidi mwaka 1983 kuanzishwa vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Uhaba ndio shamba la mlanguzi. Mahali ambapo jamii haina sauti juu ya biashara, si ya ushirika wala ya mtu binafsi, mlanguzi hupata pa kujificha.

Kosa la pili ni la kipindi kilichofuata, nalo bado tunalo. Baada ya biashara kufunguliwa kuanzia mwaka 1984, na baada ya Azimio la Zanzibar la 1991 kulegeza masharti ya uongozi, mfanyabiashara alirudi katika heshima. Hilo peke yake halina ubaya. Lakini alirudi kama mfadhili. Shule ikikosa madawati, anaombwa. Timu ikikosa jezi, anaombwa. Mkutano ukikosa viti, anaombwa. Naye akishatoa hupigiwa makofi, huketishwa meza kuu, na hakuna anayemuuliza jambo tena.

Hapo ndipo panapozaliwa hatari. Mtu anayeombwa siku zote hatimaye hujiona mwenye mji. Anaweza kununua heshima kwa mabati thelathini, kisha akanunua uongozi kwa pilau. Mambo haya yalifika hata mahakamani: mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu takrima vilikuwa kinyume cha Katiba. Msingi wa uamuzi ule ni rahisi kueleweka na mtu yeyote. Sahani ya wali ikiingia kati ya mgombea na mpiga kura, mwenye sahani kubwa ndiye atakayetawala, na maskini hatakuwa na haki sawa ya kuchaguliwa.

Kumfukuza na kumwomba ni makosa yanayofanana. Katika yote mawili mwenye duka ni mtu wa nje.

4. Mizani ya Usukuma

Je, upo mfano wa wafanyabiashara walioshiriki kwa njia iliyo sahihi? Upo, na ni wa hapa hapa nchini.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na kilio kimoja kikubwa: mizani. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akabeba; alipofika kwa mnunuzi, mizani ikampunja. Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha, wakati huo alikuwa kiongozi katika chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Yeye na wenzake wangaliweza kusema kwamba mizani ya pamba haiwahusu, kwa kuwa wao ni watu wa maduka. Hawakusema hivyo. Waliungana na wakulima kujenga umoja wao. Wakulima wakaweka watu wao wanaojua kusoma na kuhesabu kukagua upimaji, kisha wakaunda vyama vya msingi vya kuuza pamba yao wenyewe. Mwaka 1955 vyama hivyo vilipata shirikisho lao la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa vyombo vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Tutazame kwa makini kilichotolewa pale. Kilichokuwa na uzito hakikuwa fedha. Wafanyabiashara walitoa ujuzi wao wa hesabu, ujuzi wa kuandika barua na kuendesha mikutano, na uelewa wao wa jinsi mnunuzi anavyofikiri. Vitu hivyo mkulima alivihitaji kuliko sadaka. Na waliovitoa walipata malipo yao, kwa kuwa mkulima asiyepunjwa ni mteja mwenye fedha.

Linganisha na yule anayenunua korosho kwa kangomba huko kusini, au kahawa kwa butura huko Kagera. Huyu humfuata mkulima wakati wa njaa, kabla ya mavuno, akampa fedha kidogo au debe la unga, na kuondoka na haki ya zao ambalo bado liko mtini. Msimu ukifika, kijiji kinavuna lakini mavuno si yao. Mtu huyu akitoa mabati kwa ajili ya shule, tusema ameshiriki? Hapana. Amerudisha bati moja katika nyumba aliyoiezua.

5. Kushiriki maana yake nini

Kwa hiyo basi, kada anapopima ushiriki wa mfanyabiashara asianze na orodha ya michango. Aulize mambo haya manne.

Kwanza, mizani. Je, kilo yake ni kilo? Lita yake ni lita? Haki katika kipimo ndiyo huduma ya kwanza ambayo mwenye duka huitoa kwa jamii, na hutolewa kila siku kwa kila mtu, tajiri na maskini.

Pili, daftari. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mikopo la duka la kijijini ni chombo kikubwa kuliko linavyoonekana. Katika miezi ya njaa ndilo linalozivusha kaya nyingi hadi mavuno. Mkopo ulioandikwa wazi, kwa bei ile ile inayojulikana, unaolipwa kwa fedha baada ya mavuno, ni ujirani. Mkopo usioandikwa, au unaolipwa kwa gunia badala ya fedha kwa bei aliyoipanga mkopeshaji peke yake, ni mrija.

Tatu, mkutano. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mwenye duka ana kura moja kama mkulima wa nusu eka. Aende, aketi benchi moja na wateja wake, asikilize mapato na matumizi yakisomwa, aulize. Yeye ni mzoefu wa vitabu vya hesabu. Shimo katika taarifa ya fedha ataliona upesi kuliko wengi. Kamati ya shule, kamati ya zahanati na chombo cha watumiaji maji vinahitaji mtu wa namna hiyo, lakini awe mjumbe wa kawaida, asiwe mwenyekiti kwa sababu tu ndiye aliyenunua saruji.

Nne, kazi na maarifa. Kijana anayefundishwa dukani kununua, kuhifadhi, kuweka hesabu na kuhudumia watu amepewa elimu. Mfanyabiashara anayenunua mchele, mafuta ya alizeti na samani kwa wazalishaji wa hapo hapo kabla ya kuagiza mjini ameiacha fedha izunguke kijijini mara nyingine kabla haijaondoka.

Baada ya haya manne ndipo tufike kwenye mchango wa fedha. Mchango ni jambo jema, ukiamuliwa na mkutano, ukiandikwa, na ukitolewa risiti.

6. Hoja za wafanyabiashara wenyewe

Si haki kumwambia mtu wajibu wake bila kusikiliza hoja zake. Wafanyabiashara wanazo hoja, na baadhi yake zina uzito.

Wanasema: "Tunalipa kodi, kazi ya kujenga ni ya Serikali." Ni kweli kwamba kodi ni ushiriki, na asiyelipa kodi hana la kujivunia hata akitoa ng'ombe kila sikukuu. Lakini kodi haichagui mahali pa kuchimba kisima. Hilo huamuliwa na wanaohudhuria.

Wanasema tena: "Tukijitokeza, tunageuzwa ng'ombe wa kukamuliwa." Hoja hii tusiipuuze. Wapo watendaji ambao humjua mwenye duka siku ya mchango tu, humwendea bila barua ya mkutano na huondoka bila kuacha risiti. Mchango wa namna hiyo hautofautiani sana na tozo ya mwenye nguvu, na humfundisha mfanyabiashara kujificha.

Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka yao kwa siku kadhaa wakilalamikia utaratibu wa kodi na namna walivyokuwa wakitendewa, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Tukio lile linatufundisha mambo mawili. La kwanza, wafanyabiashara wana madai halali, na chombo cha dola kisichosikiliza mapema husikiliza kwa gharama kubwa baadaye. La pili, wafanyabiashara wanajua kuungana. Basi umoja wanaouonyesha katika suala la kodi wauonyeshe pia katika suala la taka za soko, vyoo vya soko na ulinzi wa usiku, kwa maana kipindupindu hakiulizi leseni na mwizi hatofautishi duka na nyumba.

Kariakoo hiyo hiyo ina historia nyingine. Katika siku za kupigania uhuru, watu wenye mali kama John Rupia na Dossa Aziz walitoa fedha na vyombo vyao kwa kazi za TANU, wakati mali hiyo ingaliweza kuwa salama zaidi kwa kukaa kimya. Hawakufanya hivyo wakiwa watazamaji wanaorusha sarafu. Walikuwa ndani ya chombo, wakikaa katika vikao na kubeba hatari pamoja na wenzao. Tofauti hiyo ndiyo tunayoizungumza.

7. Kazi ya kada

Ni dhahiri kwamba mwenye duka hatabadilika kwa kuhubiriwa. Yako mambo ambayo kada anaweza kuyafanya mahali alipo.

Ahakikishe mikutano ya kijiji inaitishwa kwa wakati, katika saa ambayo mkulima ametoka shamba na mwenye duka anaweza kumwachia mtu duka. Ahakikishe kila mchango una uamuzi wa mkutano na risiti, na kwamba jina la aliyetoa Sh. 1,000 linasomwa pamoja na la aliyetoa Sh. 1,000,000. Asiwe mtu wa kwanza kuomba soda dukani. Kada anayekunywa bure hawezi kuikagua mizani. Auimarishe ushirika wa msingi, kwa sababu mkulima anayelipwa kwa wakati na kwa haki hamkimbilii mwenye kangomba. Na pale mfanyabiashara anapopunja, alizungumze jambo hilo katika kikao, kwa ushahidi, bila chuki ya kabila wala rangi. Unyonyaji hutambuliwa kwa vitendo; haujulikani kwa jina la mtu wala kwa alikotoka babu yake.

Tukifanya hivyo tutakuwa tumelijibu swali la darasani. Mwenye duka anadaiwa na jamii kile kile ambacho kila mwanajamii anadaiwa, yaani haki katika kazi yake na uwepo wake katika maamuzi ya wote. Na jamii nayo inadaiwa naye: imlinde, imsikilize, imlipe deni lake la daftari mavuno yakitoka. Pale madeni haya mawili yanapolipwa, duka huwa mali ya mtu mmoja na manufaa ya wengi. Yasipolipwa, kijiji hubaki na kaunta katikati, na watu wa pande zake mbili wakitazamana kama maadui.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kijiji au mtaa wako, wafanyabiashara wangapi walihudhuria mkutano mkuu uliopita? Waliokosa, walikosa kwa sababu gani?

2. Tofautisha mkopo wa kijirani na kangomba. Ni wakati gani mmoja hugeuka kuwa mwingine?

3. Mfanyabiashara amejitolea kujenga darasa zima kwa fedha yake, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayechagua fundi na darasa liitwe kwa jina lake. Mkutano wa kijiji uamue nini, na kwa hoja zipi?